Zilipendwa saa 5 usiku: redio imekosea, ila sio pale tunapolalamikia

Wiki ya pili sasa hapa Mtwara mjini ukikaa kijiweni na watu wazima stori ni ratiba mpya tu. Redio moja ya hapa kwetu, jina naliacha, imekitoa kipindi cha zilipendwa Jumapili saa 10 jioni imekipeleka saa 5 usiku, ule muda wa jioni wamepewa singeli na amapiano. Mzee mmoja jirani yangu Chikongola anasema wametuzika tungali hai. Mi nadhani kaongeza chumvi, ila kuna kitu hapo.

Tuanze na redio yenyewe mana nayo inaonewa. Redio ndogo ya mkoani inaishi kwa matangazo, umeme inalipa, leseni inalipa, watangazaji wanakula, na mwenye tangazo anataka saa ambayo watu wako macho, alafu vijana ndo wanaopiga simu, ndo wanaoshea klipu, ukimwambia meneja aache hiyo hela kwa heshima ya wazee ni kumuonea tu. Na tusidanganyane, hizo nyimbo hazijapotea. Siku hizi mzee anampa fleshi kijana wa duka la simu anajaziwa nyimbo kibao anachomeka kwenye sabufa, anasikiliza Mbaraka Mwinshehe saa anayotaka yeye bila kusubiri mtu.

Sasa upande wa pili. Watu wanasahau kwamba dansi la zamani lilikulia redioni. Kabla redio binafsi hazijaruhusiwa miaka ya 90, RTD (Redio Tanzania Dar es Salaam, redio ya serikali) ndo ilikuwa studio, ndo duka, ndo jukwaa, bendi zinaenda Dar kurekodi pale pale redioni alafu wimbo unarushwa nchi nzima. Mtu wa Newala au Nachingwea hajawahi kukanyaga ukumbi wa Morogoro wala wa Dar, lakini sauti ya Marijani Rajab anaijua kama ya shemeji yake, kwa redio ya betri tu. Kwahiyo ukimwambia mtu huyo nyimbo ziko kwenye fleshi umemjibu nusu swali.

Nusu iliyobaki ni salamu. Kwenye kipindi hicho cha zilipendwa nyimbo zilikuwa kisingizio bwana, watu walikuwa wanasubiri wasikie fulani wa Nanyamba anamsalimia shemeji yake Msimbati, na ujumbe unasema msiba umekwisha salama tunashukuru. Fleshi haisomi salamu. Na saa 5 usiku nani atatuma? Mama wa vitumbua anaamka saa 10 alfajiri, saa 3 tu keshalala.

Wenzetu nao wanahamisha vipindi. BBC Radio 3 ya Uingereza, ile ya muziki wa klasiki, mwaka 2024 walikitoa kipindi cha Record Review, cha kuchambua rekodi, Jumamosi asubuhi wakakipeleka mchana wa siku hiyo hiyo, lakini hapo ni kutoka saa ya watu kwenda saa nyingine ya watu, na aliyekikosa anakirudia kwenye programu ya simu. Huku kwetu anayekikosa ndo basi tena, na bando la kusikilizia redio mtandaoni mzee wa Mikindani anunue la nini?

Hata hiyo hoja ya hela mi siimezi yote. Mwezi wa 11 hela ya korosho ikiingia, mabati na simenti ananunua nani? Ni huyo huyo mzee wa zilipendwa, kijana wa singeli mabati ya nini wakati anaishi kwa baba yake (samahani vijana, hata mi nilikuwa hivo). Wauza mabati wangefuatwa vizuri nadhani saa 10 jioni ingejilipa.

Kwahiyo mi ningewaachia vijana jioni yao, nyimbo zikae huko huko usiku kwa wanaokesha, ila salamu zirudi mchana hata nusu saa, baada ya taarifa ya habari, na nyimbo mbili tatu katikati. Kung'ang'ania masaa mawili yote ya jioni kama wazee wanavyotaka naona hatutapata kitu.

Jumapili iliyopita nilijilazimisha kukesha nisikie wenyewe wanafanyaje. Nyimbo nzuri, mtangazaji anajitahidi. Salamu zilisomwa tatu, mbili kazituma mlinzi mmoja yule yule wa ghala.