Kufukua kaburi la Grant Wood

Kila yakiibuka maneno kuhusu maisha ya siri ya Grant Wood, mchoraji Mmarekani wa American Gothic, ile picha ya mzee mwenye uma wa shamba na mwanamke aliyenuna, hawakosekani wa kusema: mwacheni marehemu apumzike. Hawasemi upuuzi. Wood alifariki Februari 1942, kesho yake angetimiza miaka 51, na hakuacha mahali popote alipokiri kwamba alivutiwa na wanaume. Alioa mwaka 1935, ndoa ikavunjika 1939. Dada yake Nan, ambaye ndiye mwanamke wa pichani, alilinda jina la kaka yake hadi naye alipofariki 1990. "Lisemwalo lipo" inatosha barazani, haitoshi kwenye wasifu wa mtu. Tena wapo wachambuzi waliopitiliza, kila kilima cha Iowa, jimbo lake, alichokichora wanakiona kiungo cha mwanamume.

Ila wanaotaka kumstiri wanazungumza kana kwamba ukimya ule aliuchagua kwa raha zake. Mapenzi ya jinsia moja yalikuwa jinai Iowa, naye alikuwa mwalimu wa chuo kikuu cha jimbo hilo hilo, akiwa na mahasimu ndani ya idara yake. Mtu wa namna hiyo angeandika barua gani?

Mimi kinachoninyima usingizi ni mchoro mmoja mdogo wa chapa wa mwaka 1937, uitwao Sultry Night. Kibarua wa shamba amesimama uchi usiku, kando ya hori la kunyweshea mifugo, anajimwagia ndoo ya maji. Basi. Wood alieleza kwamba ndivyo vibarua walivyooga enzi za utoto wake. Posta ya Marekani ikaukataa, ikisema ni uchafu usiopaswa kusafirishwa. Chapa zake ziliuzwa kwa njia ya posta, kwa kawaida nakala 250. Huu uliishia 100. Makumbusho ya nchi hiyo hiyo yalikuwa yamejaa wanawake uchi. Tena Wood alikuwa ameanza kuuchora kwa rangi za mafuta, akaikata ile sehemu yenye mwanamume na kuiharibu, ikabaki mandhari tupu. Ukiitazama leo bila kujua kilichokatwa, unatazama nini hasa?

Hapo ndipo wafukuaji ninawaelewa, hata wanapokosea vilima. Wood aliuzwa kwa Wamarekani kama mwanamume halisi wa shamba, dawa ya ulaini wa wasanii wa Paris, na ndivyo wengi wanavyomsoma mpaka sasa. Ukweli ni kwamba baba yake alifariki 1901, mama akaliacha shamba, akahamia mji wa Cedar Rapids na watoto, Grant akiwa na miaka 10. Paris kwenyewe alikwenda kusoma. Ovaroli alikuja kuivaa tena ukubwani, wapiga picha wa magazeti walipoanza kumfuata.