Kimo kikiongezeka mara mbili, kasi haiongezeki mara mbili

Ndugu mwandishi, asante kwa makala ya rola kosta (vigari vya burudani vinavyopanda na kuteremka kwenye reli), ila pale uliposema mnara ukirefushwa mara mbili na kasi huongezeka mara mbili, hapana. Nafundisha fizikia hapa Dodoma na kosa hili nakutana nalo kila mwaka. Kasi hufuata kipeuo cha pili cha kimo. Vigari vikishuka mita 20, tukiacha msuguano, vinafika chini na kasi ya kama kilomita 71 kwa saa. Mita 40 ni 101 tu. Ili upate 143, yaani maradufu ya ile ya kwanza, lazima upande mita 80! Uzito wa abiria hauingii kwenye hesabu hiyo.

Wanafunzi wangu huliona kwa gololi na mpira wa maji uliopasuliwa kwa urefu. Wakiinua kilima cha pili kikalingana na cha kwanza, gololi inarudi nyuma, kwa sababu msuguano umeshakula sehemu ya nishati. Ndiyo maana rola kosta ya Kingda Ka ya Marekani, iliyokuwa na kimo cha mita 139, ilirushwa kwa mtambo hadi kilomita 206 kwa saa. Bila msuguano, 188 zingetosha kufika kileleni.