Kichupa peke yake hakitoshi

Mtoto njiti ambaye mapafu yake hayajakomaa hutamjua kwa kilio, utamjua kwa mguno. Kila akitoa pumzi anaguna kidogo, pua zinatanuka, na nyama ya kati ya mbavu inazama ndani utadhani kuna mtu anaivuta kwa uzi. Huo mguno si wa bure: anabana koo ili hewa kidogo ibaki ndani, vifuko vya mapafu visinywee.

Vinanywea kwa kukosa safaktanti, utelezi wenye mafuta unaotandaa ndani yake. Lowesha mfuko wa nailoni, kisha jaribu kuufungua: kuta zimegandana. Mtoto huyu anaufungua mfuko wa namna hiyo upya kwa kila pumzi, mpaka achoke.

Kasoro hiyo waliibaini watafiti Mary Ellen Avery na Jere Mead mwaka 1959. Lakini kujua si kuwa na dawa. Mwaka 1963 Patrick, mtoto wa Rais Kennedy wa Marekani, alizaliwa kabla ya siku zake akiwa na zaidi ya kilo 2. Hakumaliza siku mbili. Ilibidi kusubiri hadi 1980, Tetsuro Fujiwara na wenzake huko Japani walipotangaza kwamba wamewatibu watoto 10 kwa safaktanti iliyotokana na mapafu ya ng'ombe.

Basi tangu hapo sifa zote zimekiendea kichupa cha safaktanti, na hapo ndipo ninapogomba. Nimeshasikia watu wakiizungumzia dawa hii kana kwamba ikishafika wodini kazi imekwisha. Mimi naona ndiyo kwanza imeanza.

Inatolewa kwenye friji, inaachwa ipoe ubaridi, inageuzwa taratibu bila kutikiswa isije ikatoa povu. Haidungwi. Inashushwa moja kwa moja kwenye koromeo la hewa, siku hizi mara nyingi kwa mpira mwembamba huku mtoto akiendelea kupumua mwenyewe. Kisha vifuko vinafunguka, wakati mwingine ndani ya dakika chache, na oksijeni iliyokuwa haba dakika tano zilizopita sasa imezidi. Asipokuwepo wa kuishusha, oksijeni ile ile inaweza kumharibia mtoto macho. Dawa imefanya kazi vizuri, na hatari imezaliwa hapo hapo.

Halafu kuna yale yanayotangulia. Mama anayeelekea kujifungua mapema akiwahi kuchomwa sindano za kukomaza mapafu, jambo ambalo watafiti Liggins na Howie walilionyesha New Zealand mwaka 1972, mtoto anakuja na akiba. Akiwekewa mapema mashine ya kusukuma hewa puani, wengine hata hicho kichupa hawakihitaji. Sindano hizo ni rahisi mno ukilinganisha na safaktanti, ila hazina mtu wa kuzipigia makofi.

Usiku mmoja nilisimama kando ya kitanda cha njiti aliyekuwa amepewa dawa saa nne. Mguno ulikoma. Kufika saa nne na nusu oksijeni ilikuwa imeshushwa mara tatu, kila mara kidogo, na muuguzi hakuwa amekaa kitini hata mara moja.