Mfuko Uliofungwa Mafundo Mawili

Leo tena. Mfuko uleule wa kijani, umefungwa mafundo mawili kama mzigo wa msafiri, umelazwa juu ya lundo la mboji la mtaa kwa heshima zote. Ubavuni umeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni rafiki wa mazingira. Rafiki gani huyu anayekuja na vichwa viwili vya samaki, makombo yaliyoganda mafuta, betri ya rimoti na nepi?

Nepi, jamani. Imekunjwa vizuri, sikatai. Lakini nepi.

Na kibao kipo. Kimepigiliwa pale mlangoni, ubao mweupe, maandishi mekundu: hapana nyama, samaki, mifupa, maziwa, mafuta, wala kinyesi cha mbwa au paka. Hadi picha imechorwa, samaki kapigwa msalaba usoni, kwa ajili ya wale ambao kila wakitakiwa kusoma miwani huwa imebaki nyumbani. Kumbe watu wameielewa picha kuwa hapo ndipo pa kuwekea samaki.

Nyinyi wenzangu mnaoshika uma wa bustani siku ya zamu, ile zamu yenye majina kumi na nne kwenye karatasi na mtu mmoja uwanjani, siwaelezi kitu. Mnajua. Tuendelee.

Mwenye mfuko nimempata leo. Kwa kweli kajileta mwenyewe, kasahau ufunguo wake ndani ya mzigo. Mzee wa makamo, shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa kuliko jembe letu jipya. Kanikuta nimepiga magoti, nafungua fundo la pili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbona unachokonoa mzigo wangu?"

Nikajibu kwa sauti ya mtu wa kamati, ile sauti ya kifuani: mzee, mfuko huu hapa hauozi. Akanionyesha maandishi kwa kidole. Nikamwambia, mzee, huo unaozea kiwandani. Kipimo cha Ulaya cha mifuko hiyo, EN 13432, ni cha mboji ya kiwandani: ndani ya wiki 12, vipande vinavyokwama kwenye chekeche la milimita 2 visizidi asilimia 10. Kule joto linashikiliwa karibu nyuzi 58 mchana na usiku. Letu hili likifika nyuzi 60 Jumatano, Jumapili lina 40, na pembeni limepoa kama uso wa mweka hazina ukimwomba risiti.

"Basi ongezeni moto," akasema.

Mzee, moto hauongezwi kwa kiberiti. Wanaopasha ni bakteria, na wanataka vitu vinne tu: chakula kibichi kama maganda ya jikoni, chakula kikavu kama majani yaliyokauka, maji na hewa. Na wanataka ukubwa. Lundo lisilofika mita moja kwenda juu, mita moja upana na mita moja urefu, joto lote linatoroka pembeni. Wewe umewaletea chakula kimefungwa mafundo mawili ndani ya plastiki. Wataingilia wapi, wabishe hodi?

Akacheka. Ndipo akatoa ile sentensi, na nilijua itakuja, maana kila mtaa una mtu wa kuisema: "Kijana, kila kitu kimetoka udongoni, na udongoni kitarudi."

"Na betri?"

"Madini hayo. Yalichimbwa wapi?"

Hapo heshima ikaanza kunitoka kidogo kidogo, kama maji kwenye ndoo iliyopasuka. Nikaitoa betri kwa vidole viwili nikaiweka pembeni, nikakishika kichwa cha samaki. Akanikatiza: wazee wa zamani walizika samaki chini ya mmea, mmea ukastawi. Kweli kabisa, mzee. Walizika. Chini, futi nzima au zaidi, wakashindilia udongo. Wewe umemwanika juu, macho wazi, anatazama barabara. Harufu ile panya anaipata kabla hata hujafika kwako. Chini tuliweka wavu mgumu wa matundu ya milimita 6, tena baada ya kuanza na wavu wa kuku tukaliwa: ule panya mchanga anapita kama abiria mwenye tiketi, na mkubwa anaukata kwa meno. Lakini wavu ni wa chini na ubavuni. Kwa juu, ulinzi ni nidhamu ya watu, na nidhamu ndiyo hii naifungua mafundo.

Nikamkumbusha kwamba hata Albert Howard, Mwingereza aliyeitengeneza njia ya Indore ya kupika mboji kule India miaka ya 1920, alitaka matabaka: mabaki ya mimea, samadi, udongo na majivu, kisha lundo lipinduliwe. Mfuko wa plastiki hakuutaja, maskini, haukuwepo.

"Lakini mbona linanuka?" akauliza, kashika pua, kama vile mzigo si wake.

Swali zuri hilo, la kwanza tangu tuonane. Nikasimama, nikajifuta magoti. Mzee, zipo harufu mbili, na kila moja ina kesi yake. Ikikuchoma machoni kama mkojo wa zizi, hiyo ni amonia: kibichi kimezidi, naitrojeni haina mwenza, inapaa zake. Dawa yake ni majani makavu. Ikinuka kama yai viza, hewa imekwisha ndani, lundo limelowa na kushindiliwa. Dawa yake ni kupindua na kuongeza majani makavu. Lisiponuka kabisa wala lisipopata joto, ama limekauka, ama kikavu kimezidi, na hapo ndipo pa kuongeza maganda na maji. Hilo la tatu katika mtaa huu halijawahi kutokea tangu dunia iumbwe.

Kwa sababu hakuna anayeleta kikavu!

Samahani, nimepaza sauti. Lakini hesabu ni ya darasa la tatu. Bakteria wanataka kaboni, ambayo imejaa kwenye kikavu, sehemu 25 hadi 30 kwa naitrojeni, ya kwenye kibichi, sehemu moja. Mabaki ya jikoni yana kama 15 kwa moja, majani makavu kama 60, maboksi mamia, vumbi la mbao mamia zaidi. Ukitafsiri kwa lugha ya ndoo: ndoo moja ya maganda, ndoo mbili hadi tatu za majani makavu. Nyumba 40 zikileta kila moja ndoo ya lita 10 kwa wiki, hizo ni lita 400 za kibichi. Zinadai lita 800 hadi 1,200 za kikavu. Kila wiki! Sisi tuna gunia moja nyuma ya choo, na limelaliwa na paka.

Kila mtu anakuja na kibichi, kwa sababu kibichi kinamnukia nyumbani kwake. Kikavu hakimsumbui mtu, kwa hiyo hakina mleta. Kamati nayo iko hivyohivyo, maji matupu. Wenye mawazo mabichi kumi na mmoja, mwenye kushika toroli hayupo.

Mzee akatoa ushauri. Tununue ule unga wa kuamsha mboji, kauona unatangazwa. Mzee, bakteria wamo tayari kwenye maganda, kwenye udongo, hata kwenye kiatu chako hicho kinachong'aa. Koleo moja la mboji ya zamani linatosha. Akashauri tupulize manukato ya ndimu. Hilo sikulijibu.

Badala yake nikamwambia, mzee, shika. Nikachota konzi moja kutoka katikati ya lundo nikamwekea kiganjani. Kamua. Inatakiwa yatoke matone mawili matatu, kama sponji lililokwisha kukamuliwa. Yasipotoka, pakavu. Yakitiririka, pamelowa. Akakunja ngumi kwa nguvu za mtu anayetaka kushinda mabishano. Maji yakatoka ya rangi ya chai, yakapita kwenye kifundo cha mkono, yakaingia ndani ya mkono wa shati lililopigwa pasi, yakaenda mpaka kwenye kiwiko. Tukayatazama wote wawili yanavyosafiri. Kwenye kidole chake cha shahada kikabaki kibandiko kidogo cha tunda, kile cha duara, kizima, rangi zake zote, kimeshapinduliwa mara nne na hakijafifia hata herufi.

"Na hiki?" akauliza.

Plastiki, mzee. Kila wiki tunavibandua hivyo kimoja kimoja kwa kucha. Vilevile baadhi ya mifuko ya majani ya chai: majani yanaoza, wavu unabaki, ukichekecha mboji unakuta vijisoksi.

Alichukua ufunguo wake, na mkono mwingine kaunyoosha mbali na mwili kama umebeba bomu. Mfuko kauacha. Akasema atarudi kuufuata. Saa sita hii, sijamwona.

Afadhali hata huyo alikuja. Yupo yule aliyesoma habari za minyoo ya kutengeneza mboji, akamwaga boksi zima kwenye lundo lenye nyuzi 60. Minyoo ile myekundu ikizidi nyuzi 35 inakufa, aliipika. Wapo wa siku ya usafi, wanaokota chupa tisa, wanapiga picha arobaini, na mifuko ya taka wanaiacha wazi usiku kucha ili mbwa nao washiriki. Yupo mgeni rasmi aliyepanda mti akaufukia hadi kiunoni, shingo ya mizizi chini ya udongo, gome likaoza. Shimo la mti ni pana mara mbili ya mizizi, kina kisizidi kimo cha mizizi, basi! Wangari Maathai alipoanzisha kupanda miti na akina mama mwaka 1977, baadaye utaratibu ukawa kuwalipa kidogo kwa miche iliyoshika, si kwa miche iliyochimbiwa. Sisi tunalipa kwa makofi siku ya kupanda, na maji hakuna.

Pipa la mvua ndiyo usiseme. Paa la mita 50 za mraba, mvua ya milimita 5 tu, ni lita 250. Pipa la lita 200. Fundi hakuweka bomba la kutolea yaliyozidi, akasema mvua yenyewe iko wapi. Msingi wa ukuta sasa unaijua mvua iko wapi. Na mfuniko wa wavu ulipotolewa ili watu wachote kwa kopo, mbu walimaliza kozi yao humo: kwenye joto, yai hadi mbu mwenye mabawa ni siku saba hadi kumi.

Nilikuwa nasema nini? Ndiyo, kupindua. Kipimajoto kinazamishwa sentimita 50 katikati ya lundo. Asiye nacho achomeke nondo, asubiri dakika kumi: ikiwa huwezi kuikumbatia kwa kiganja, lundo linapika. Likikaa nyuzi 55 siku tatu mfululizo, vijidudu vingi vya magonjwa na mbegu za magugu zinakwisha, lakini katikati tu; pembeni zinakusubiri. Ndiyo maana unapindua, cha nje kiende ndani, cha ndani kije nje, ukalipishe tena siku zako tatu. Likielekea 70, pindua haraka, bakteria wenyewe wanaungua. Vyumba vitatu vya pallet, zile chaga za mbao za kubebea mizigo, vinatosha: kimoja kinajazwa, cha pili kinapika, cha tatu kinatulia walau mwezi. Pallet ziwe zimepigwa muhuri wa HT, zilipashwa joto. Zenye MB zilifukizwa dawa, hizo waachie wenyewe. Majani mapana yapondwe kwanza, la sivyo yanalala kama kurasa za daftari lililolowa, hewa haipiti.

Sisi kipimajoto tunacho. Kimo humohumo ndani ya lundo. Wa zamu ya Jumanne alikizamisha, akapigiwa simu, akaendelea kumwaga ndoo juu yake. Tutaonana nacho kwenye chekeche baada ya miezi minne, na nina hakika kitakuwa bado kinasoma.

Na siku ya kuchekecha hamtaamini watu walivyo wengi. Wale kumi na nne wa karatasini wote wapo, na shemeji zao. Mwenye gunia moja anakuja na matatu. Mzee wa mafundo atakuwa wa kwanza kwenye foleni, shati jipya, atauliza kwa nini ina vipande vya plastiki ya kijani.

Ngoja kwanza. Moshi gani ule ng'ambo ya barabara? Si mvuke wa lundo, lundo liko huku. Ule ni moshi mweupe, mzito, wa majani. Wanachoma majani makavu! Magunia sita, saba, wameyafagia asubuhi yote wakayarundika, lita elfu nzima ya kikavu, na aliyeshika kiberiti shati lake limelowa upande mmoja hadi kwenye kiwiko.

Mzee! Mzee, usiwashe hilo lingine! Nakuja! Toroli liko wapi? Nani kachukua toroli?