Majaribio ya roketi kubwa: kasoro ipi ilistahili kuonekana angani?

Tarehe 16 Januari 2025, roketi mbili kubwa za kampuni binafsi ziliruka Marekani siku moja. Saa nane usiku New Glenn ya Blue Origin, yenye urefu wa mita 98 na injini saba, iliondoka Cape Canaveral, Florida, na kufika kwenye mzingo wa dunia katika safari yake ya kwanza kabisa. Sehemu yake ya chini, iliyokusudiwa kutua juu ya chombo baharini, ilipotea wakati wa kushuka. Jioni ikawa zamu ya Starship ya SpaceX, kutoka kusini mwa Texas, katika safari yake ya saba. Sehemu ya chini ilirudi ikadakwa na mikono ya mnara uliyoirusha. Ya juu ilivunjika baada ya dakika kama nane na nusu, na vipande vyake vikashuka vikiwaka juu ya visiwa vya Turks na Caicos.

Tangu hapo mjadala umegawanyika. Wapo wanaosema kila mlipuko ni data, kwa hiyo hakuna hasara. Wapo wanaosema mlipuko ni ushahidi wa uzembe, basi. Kwangu mimi swali la kuuliza baada ya kila jaribio ni tofauti: je, kasoro hii ingeweza kugunduliwa ardhini? Kama haingeweza, kuruka kulikuwa na maana hata chombo kikipotea. Kama ingeweza, kampuni imeihamisha kazi ya karakana yake na kuipeleka juu ya vichwa vya watu wasiohusika.

Tuanze na hoja ya wanaotaka kuruka mapema, maana ina uzito. Sehemu ya chini ya Starship, iitwayo Super Heavy, ina injini 33 za Raptor zinazochoma methani na oksijeni, zote zikiwa kimiminika, na hubeba takriban tani 3,400 za mchanganyiko huo. Ardhini hupimwa kwa njia mbili kuu. Kwanza matangi hujazwa nitrojeni kimiminika yenye baridi kali ili kuona kama yatahimili shinikizo. Kisha injini huwashwa kwa sekunde chache roketi ikiwa imefungwa kwenye jukwaa. Vipimo hivi vinafaa, lakini vina mipaka. Roketi iliyofungwa haitetemeki kama iliyo huru, na mafuta yaliyotulia kwenye tangi hayafanani na yale yanayorushwa huku na huku roketi inapojigeuza angani.

Safari ya pili, ya tarehe 18 Novemba 2023, ilionyesha hilo vizuri. Sehemu mbili zilitengana huku injini za juu zikiwa zimeshawashwa. Mara baada ya hapo ile ya chini ikajigeuza ili irudi, injini zikaanza kuzima moja baada ya nyingine, ikalipuka. Chanzo kilichotajwa ni kuziba kwa chujio mahali oksijeni inapoingia kwenye injini. Hakuna jukwaa la majaribio linaloweza kulipindua tangi la ukubwa huo likiwa na mafuta na injini zikiunguruma. Vivyo hivyo safari ya nne, Juni 2024: kamera zilionyesha bawa dogo la kuongozea likiyeyuka kwa joto la kurudi kwenye angahewa, na bado chombo kikashuka taratibu juu ya Bahari ya Hindi. Kutokana na picha zile wahandisi walijua pa kuongeza ngao ya joto. Miezi minne baadaye, tarehe 13 Oktoba 2024, mnara ulidaka sehemu ya chini katika jaribio la kwanza la kufanya hivyo. Haya ni matunda halali ya kuruka.

Safari ya kwanza, ya tarehe 20 Aprili 2023, haiwezi kutetewa kwa hoja hiyohiyo. Chini ya jukwaa hapakuwa na mfereji wa kuelekeza moto wala mfumo wa kumwaga maji, ingawa majukwaa ya Kituo cha Kennedy huko Florida yana mifereji hiyo tangu enzi za Apollo, mpango wa kupeleka watu Mwezini. Zege lilipasuliwa, shimo likachimbika, na vumbi likaangukia mji wa Port Isabel, kilomita kama kumi kutoka pale. Elon Musk, mkuu wa SpaceX, alieleza baadaye kwamba bamba la chuma linalopozwa kwa maji lilikuwa halijakamilika, na kwamba jaribio la kuwasha injini ardhini liliwafanya waamini zege lingestahimili safari moja. Jaribio hilo lilitumia takriban nusu ya nguvu za injini. Kukadiria nguvu kamili kutokana na nusu yake ni kosa la mezani, na dawa yake ilikuwa kusubiri bamba. Kibaya zaidi, mfumo wa kuilipua roketi iliyopotea njia ulichukua sekunde kama 40 tangu kuamriwa hadi roketi kuvunjika. Fataki za mfumo huo na unene wa tangi zinazopaswa kulipasua ni mambo yanayopimika ardhini, na ndiyo kinga ya mwisho ya watu walio chini. FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, iliorodhesha marekebisho 63 kabla ya safari iliyofuata.

Mwaka 2025 ndio unaofaa kutazamwa kwa makini zaidi. Safari ya saba ilileta toleo jipya la sehemu ya juu, lenye mafuta zaidi kwa asilimia 25 na mabomba mapya ya kupeleka methani kwenye injini za anga ya juu. Mtetemo wa chombo uliingiliana na mabomba na viungo kwa nguvu mara kadhaa kuliko ilivyoonekana ardhini. Mafuta yakavuja kwenye uwazi ulio kati ya tangi la oksijeni na ngao ya nyuma, yakawaka. Kabla ya safari ya nane waliwasha injini ardhini kwa sekunde kama 60, wakabadilisha viwango vya nguvu na kujaribu mabomba ya aina tatu. Walichofanya ni sahihi. Hata hivyo, tarehe 6 Machi chombo kilipotea tena karibu wakati uleule wa safari, mara hii kwa hitilafu ya injini mojawapo ya katikati. Mei ikaja ya tisa: kifaa cha kusambaza gesi ya shinikizo ndani ya tangi la methani kiliharibika, gesi ikavujia kwenye pua ya chombo, uwezo wa kujielekeza ukaisha.

Tatu mfululizo, kila moja kwa sababu yake. Watetezi husema hiyo inathibitisha kila tatizo lilitatuliwa. Mimi naona zaidi kwamba toleo jipya lilibadilishwa mambo mengi kwa pamoja na likaruka kabla vipande vyake havijapigwa mitetemo ya kutosha kimoja kimoja. Kifaa cha gesi ni kitu cha kuwekwa kwenye mashine ya mtetemo na kuteswa hadi kivunjike. Ndivyo walivyofanya baadaye: walikibuni upya, wakakipima kwa makali zaidi, na safari za 10 na 11, za Agosti na Oktoba 2025, zikakamilika.

Gharama ya haraka hiyo haikulipwa na kampuni peke yake. Mwezi Januari ndege za abiria zilizungushwa hewani au kugeuzwa njia, na mwezi Machi viwanja vya Florida, ukiwemo wa Miami, vilisimamisha ndege kwa muda. Uingereza, yenye mamlaka juu ya Turks na Caicos, iliitaka Marekani ibadilishe njia ya kurushia. FAA ilipanua eneo la tahadhari kwa ndege hadi maili za baharini 1,600 na kutaka roketi irushwe saa zisizo na msongamano. Sisi wa Afrika Mashariki tunalijua hili kwa upande wetu: Desemba 2024 pete ya chuma ya takriban kilo 500 iliangukia kijiji cha Mukuku, Makueni, nchini Kenya. Haikutoka kwenye Starship, lakini aliye chini ni yuleyule. Mkataba wa Uwajibikaji wa 1972 unailazimu nchi iliyorusha kulipa madhara ya ardhini na ya ndege angani bila mdhurika kuthibitisha uzembe. Hauilazimu kampuni kupima kwanza.

Njia ya Blue Origin, ya kusubiri muda mrefu kabla ya kuruka, nayo ina bei yake. New Glenn ilitangazwa mwaka 2016, ikatarajiwa 2020, ikaruka 2025. Katika safari ya pili, Novemba mwaka huohuo, ilipeleka vyombo viwili vya NASA, shirika la anga la Marekani, kuelekea Mirihi na sehemu ya chini ikatua. Miaka ile ya kusubiri ni gharama ambayo kampuni yenye mfuko mdogo haiwezi kuibeba.

Jaribio kubwa lijalo ni kuhamisha mafuta ya baridi kali kati ya Starship mbili kwenye mzingo, kazi inayohitajika kwa mkataba wa NASA wa kutua Mwezini. Hili ningelitetea hata likishindwa mara kadhaa, kwani ardhini uzito hukifanya kimiminika kikae kwenye mdomo wa bomba, na huko juu huelea. Lakini vali, viungo na chupa za gesi zitakazotumika zivunjwe ardhini kwanza. Juni 2025 chupa ya nitrojeni ilipasuka na kulipua chombo kizima kwenye kituo cha majaribio cha Massey, na Novemba sehemu ya chini ya toleo la tatu ikapasuka hapohapo ikipimwa kwa shinikizo la gesi, bila injini. Hakuna aliyeumia. FAA inapotoa kibali baada ya chombo kupotea, idai kuona orodha ya vipimo vya aina hiyo, kipande kwa kipande, na iiweke hadharani.