Mkate wa boflo wenye matairi manne

Wakuu habari za huko. Mi niko Ulyanovsk, pembeni ya mto Volga, mwaka wa sita saivi, na kuna kitu kinaniuma kila nikienda sokoni. Kuna gari huku, UAZ, wenyewe wanaiita buhanka yani mkate wa boflo, na ukiiona hata huulizi kwa nini, pua haina, boflo tupu limewekewa matairi. Ile ya wagonjwa wanaiita tabletka, kidonge. Ilianza kutoka kiwandani hapahapa 1965, mama yangu hajaolewa bado, na mpaka leo inatoka na sura ileile.

Kiwanda chenyewe kilizaliwa na vita. 1941 Wajerumani wanaikaribia Moscow, mashine za kiwanda cha malori cha huko, ZIS, zikapakiwa kwenye treni zikaletwa huku, wakaanza kuunganisha malori hivyohivyo. Miaka ya 50 wakapewa jipu la GAZ-69 kutoka kiwanda cha mji wa Gorky, 1972 ikaja UAZ-469 ya jeshi, nguvu za farasi 75 tu, na 1974 wakazipandisha mlima Elbrus mpaka kwenye barafu, mita 4,200 hivi.

Sasa msinielewe vibaya, siyo gari ya raha, ukikaa nyuma hamsikilizani na wese inakunywa. Ila barafu ikiyeyuka huku njia za vijijini zinakuwa tope kama Kilombero masika, na babu jirani yangu anaifungulia injini nje ya banda la kuku kwa spana tu, kifaa cha gari ya mwaka 80 anakipata sokoni, na kipya cha leo mara nyingi kinakaa vilevile. Kijijini kwetu gari ya wagonjwa ilikaa juu ya matofali miezi sijui mingapi inasubiri kifaa kimoja cha umeme, sensa, toka nje, wajawazito wanapandishwa bodaboda, huku wakubwa wanabadilishiana mashangingi.

Na msiniambie sisi hatuwezi, Kibaha pale kwenye kituo cha magari cha Nyumbu, hapohapo kwetu Tanzania, waliunda lori miaka ya 80, letu kabisa. Tulitaka likiwa bado bichi lishindane na Mjapani, wenzetu walivumilia boflo lao miaka 60.

Juzi babu kaniuliza kwetu mnaunda gari gani, nikamhadithia Nyumbu, akataka picha, nimeperuzi simu karibu nusu saa nikapata moja, ya zamani, haionekani vizuri. Kaitazama sana. Kauliza injini iko mbele au chini ya dereva, nikashindwa kumjibu.