Tinos: zulia la magoti na biashara ya mishumaa

Ukishuka feri katika bandari ya Tinos, kisiwa cha Ugiriki, barabara iliyo mbele yako inapanda hadi Kanisa la Panagia Evangelistria, kiasi cha mita 800. Kando yake limetandikwa zulia jembamba. Hapo ndipo wanapopita kwa magoti wenye nadhiri, hadi kwenye picha takatifu ya Bikira Maria iliyofukuliwa ardhini tarehe 30 Januari 1823, baada ya mtawa Pelagia kusema Bikira amemtokea. Utamwona mama amefunga vitambaa magotini, viganja vyeusi kwa vumbi, na binti yake akitembea pembeni kashika chupa ya maji.

Wapo Wagiriki, waumini wazuri tu, wanaosema Mungu hahitaji magoti yaliyochubuka. Wanaudhika zaidi na mtaa wa pili yake, uliojaa maduka: mishumaa yenye kimo cha mtu, vichupa vya maji ya baraka, vibati vya nadhiri vyenye umbo la mguu, jicho au mtoto mchanga. Kwao, shida za watu zimegeuzwa mtaji.

Hoja hiyo ina uzito, lakini mimi siishii hapo. Kanisa halimlazimishi mtu kutambaa. Anayetambaa anatimiza nadhiri aliyoiweka mwenyewe, pengine usiku, kando ya kitanda cha mgonjwa. Ndani ya kanisa kuna mchungwa wa fedha. Inasimuliwa kwamba kipofu mmoja aliahidi kutoa mfano wa kitu cha kwanza atakachokiona akipona, na alipofumbua macho akaona mchungwa.

Na sadaka hizo hazikuishia kwenye taa na mapambo. Taasisi inayoendesha kanisa ilimsomesha Munich mchoraji Nikolaos Gyzis, kisha mchongaji Giannoulis Chalepas, wote wazaliwa wa kisiwa hicho. Ufundi wa marumaru wa Tinos uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2015. Asiyependa maduka ya mishumaa inambidi aihesabu faida hiyo pia.

Kinachonitia hofu ni kamera. Mykonos, kisiwa cha starehe, kiko jirani kabisa kwa feri, na wageni wa kupita huchutama kwenye zulia kumpiga picha mtu anayelia. Muuza mishumaa walau anamhudumia hujaji. Mpiga picha huyo anachukua uso wa mtu bila ruhusa na kuondoka nao.

Tarehe 15 Agosti 1940, siku ya sikukuu ya Bikira Maria, manowari ya Kigiriki Elli iliyokuja kutoa heshima ilipigwa torpedo na nyambizi ya Italia mbele ya bandari hiyo, mabaharia wakafa. Mpaka leo picha takatifu ikishushwa bandarini siku hiyo, wanakumbukwa, na wagonjwa hulala chini njiani ili ipite juu yao. Aliyelala pale hawezi kujiziba uso. Sisi tuliosimama tunaweza kushusha simu.